MJADALA: Ghorofa la fremu likijengwa, aliyechangamsha mtaa anakwenda wapi?

Wana Mwanza wenzangu, naomba hili tulijadili kwa uwazi. Maduka makubwa na maghorofa ya fremu yanazidi kuingia mitaani kwetu. Ghorofa silipingi. Kinachoniuma ni kuona wa kwanza kuondolewa ni wale wale waliokifanya kiwanja kiwe na bei.

Dada yangu aliuza genge Kirumba kwa miaka tisa, kwenye baraza ya nyumba ya kupanga. Nyanya za mafungu, mafuta ya kupima, dagaa wa kisado na nusu kisado. Chini ya meza aliweka daftari la madeni, jalada lake limelowa mafuta hadi jina la shule halisomeki tena. Akina mama wanaoteremka mlimani alfajiri kwenda Mwaloni kuchambua dagaa walichukua unga na mkaa, na jioni wakirudi na ujira wao wanapita kufutiwa majina. Mwenye nyumba akauza kiwanja, wapangaji wakapewa mwezi mmoja kuondoka. Jengo lilipokamilika dada akaenda kuulizia fremu: kodi ya miezi sita mbele, na juu yake kilemba, yaani pesa ya kupewa nafasi. Sasa anauzia Buhongwa. Daftari bado analo, lina majina ambayo hayajafutwa, maana wenyewe hawajui alikohamia.

Juzi kijiweni kijana mmoja wa bodaboda alinibishia. Akasema, "Kaka, ilipokuja Rock City Mall pale Furahisha tulipata abiria, wadogo zetu wakapata kazi za ulinzi na mauzo, na familia ikapata pa kutembea Jumapili." Ni kweli. Mvua ikinyesha pale huloi, choo kipo, na mtoto hapigwi na vumbi. Anayesema maduka haya hayajatusaidia chochote anajidanganya.

Lakini tuutazame mji wetu ulivyo. Mwanza imebanwa kati ya mawe na ziwa. Ardhi tambarare ni kidogo mno, ndiyo maana nyumba za Mabatini, Igogo na Bugarika zimepanda juu ya miamba. Mtu wa huko ananunua njiani, kabla ya kuanza kupanda. Ukiliondoa genge lililo chini ya mlima, mboga ya shilingi mia tano inageuka safari ya daladala, kwenda na kurudi. Na dukani kwenye vioo hakuna nusu kisado, wala hakuna wa kukukopesha hadi jioni. Kipimo kidogo na mkopo wa kuaminiana ndivyo vinavyolisha kaya ya kibarua, na vyote viwili vinaondoka na muuzaji.

Sera nayo inayumba. Desemba 2018 machinga walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye biashara bila bughudha. Mwaka 2021 nchi nzima ikaanza kuwapanga upya, meza zikaondolewa barabarani. Mtu amepata miaka mitatu ya kujenga wateja, kisha anaanza moja.

Kwenye sheria pia kuna pengo. Serikali ikitwaa ardhi yako, hesabu ya fidia inaweza kuingiza hata faida ya biashara iliyopotea na gharama za kuhama. Mwenye nyumba akimuuzia tajiri kwa hiari yake, mpangaji wa baraza anabaki na notisi tu.

Pendekezo langu ni hili: halmashauri inapotoa kibali cha ujenzi wa jengo la biashara mahali palipokuwa na wauzaji wadogo, iweke sharti kwamba sehemu ya ghorofa ya chini, inayotazama barabara, iwe vizimba vya kulipia kwa siku, na waliokuwepo wapewe nafasi kwanza. Nasisitiza chini. Hakuna mteja anayepanda ngazi mbili kufuata fungu la nyanya. Atanunua kwa aliyetandika mlangoni, kesho mgambo wamfukuze, na wa juu ashindwe kodi.

Najua mwekezaji atasema ghorofa ya chini ndiyo inayomlipia mkopo wa benki. Basi apunguziwe tozo kwa sehemu hiyo. Wahasibu na watu wa mipango miji mliomo humu, hilo linawezekana? Na ninyi mliohamishwa katikati ya mji 2021, kizimba mlichopewa mteja anakifikia, au mmesharudi barabarani?