Kuli, Peponi au Bwana Myombekere: tuanze na riwaya ipi ya kihistoria?

Karani wa Zamani (mwanzisha mada)

Wapenzi wa vitabu, salamu kwenu nyote. Sisi ni wasomaji tisa wa hapa Tanga ambao hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kujadili kitabu kimoja. Mwaka huu tumekubaliana kusoma riwaya za kihistoria peke yake, ziwe zimeandikwa kwa Kiswahili au zimetafsiriwa, na mimi nimepewa kazi ya kupendekeza ile ya kwanza. Nimezisoma tatu kwa mfululizo na bado sijakata shauri.

Ya kwanza ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, ambayo inamfuata Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandari ya Unguja, hadi kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Ya pili ni Peponi, tafsiri iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994. Humo Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz awe rehani ya deni la baba yake, na ni kwa macho yake tunauona msafara wa biashara ukiingia bara wakati Wajerumani wanazidi kuikaza mikono yao juu ya nchi. Ya tatu ni ile ndefu ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, inayosimulia maisha ya mume na mke waliokosa mtoto, katika zama ambazo Mzungu alikuwa bado hajafika kisiwani.

Jambo lililonishughulisha katika kuzilinganisha ni umbali uliopo kati ya mwandishi na zama anazoziandika. Adam Shafi alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo makuli walipogoma yeye alikuwa mtoto wa miaka minane, na bila shaka aliyasikia mengi kutoka kwa watu waliokuwemo. Gurnah amezaliwa mwaka uleule wa mgomo, lakini akachagua kurudi nyuma zaidi, hadi kwenye zama ambazo hata wazazi wake wasingeweza kumsimulia kwa kuziona. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika habari za watu ambao wajukuu wao alikuwa akikaa nao na kula nao. Mimi naona kwamba umbali huo unabadilisha hata namna sentensi inavyopumua, ila sijui ni upi unaomfaa msomaji anayeanza. Naomba maoni yenu, hasa ya wale waliokwisha kuzisoma zaidi ya mara moja.

Mwana wa Majengo

Ndugu Karani, ahsante kwa kulianzisha jambo hili kwa utaratibu. Kura yangu ni ya Kuli, nami sitajifanya kwamba sina upendeleo, kwa sababu babu yangu mzaa mama alibeba mizigo katika bandari ya Kilindini tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia. Kulabu yake ya chuma yenye mpini wa mti ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, na sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama ganda la kifuu, na alipokuwa akinyoa ndevu alikuwa akiitania kwamba hiyo ndiyo akiba yake ya uzeeni.

Niliposoma mahali ambapo Majaliwa, baba yake Rashidi, anakufa akiwa kazini, nilielewa kwa nini mzee yule hakulipenda neno lenyewe la kuli. Alikuwa akisema kwamba yeye ni mchukuzi, au hamali ukipenda, lakini kuli ni neno la kutukania. Adam Shafi alijua alichokifanya alipoliweka neno hilo kwenye jalada.

Naomba pia kuongeza jambo la historia ambalo huenda likawasaidia katika mjadala wenu. Mgomo wa Unguja wa Agosti na Septemba 1948 haukuanguka kutoka mbinguni. Mombasa tulitangulia Januari 1947, watu wakikusanyika katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wao, akakamatwa mwaka huohuo na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Dar es Salaam nako wachukuzi waligoma mwaka huo wa 1947. Nanyi wa Tanga msisahau kwamba bandari yenu iligoma mwaka 1939, kabla ya migomo hiyo. Habari za mgomo zilisafiri kama mizigo, kutoka bandari moja hadi nyingine, na ukiisoma Kuli ukiwa unalifahamu hilo, utaona kwamba Rashidi hakuwa peke yake hata kidogo.

Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Leicester, ambako Peponi ilinifikia ndani ya sanduku la shangazi pamoja na pilipili za kusaga.

Niliisoma kwanza kwa Kiingereza, zamani, kisha nikaisoma kwa Kiswahili mwaka jana, na napenda kushuhudia kwamba si kitabu kilekile. Katika matini ya Kiingereza kuna maneno yetu yaliyotawanywa humo kama wageni waliokaa kwenye ukingo wa mkeka. Kwa mfano, Khalil, yule kijana wa dukani ambaye naye ni rehani, humtania Yusuf kwa kumwita kifa urongo. Msomaji wa Kiingereza hulipita neno hilo kwa adabu tu, au hukisia maana yake. Sisi tuliokua tukikiona kile kimmea kinachofumba majani yake ukikigusa, kikajifanya kimekufa na baada ya muda kikafunguka tena, tunajua papo hapo kwamba Yusuf ameelezwa mzimamzima kwa neno moja. Katika Kiswahili neno hilo limerudi nyumbani na limezungukwa na ndugu zake.

Kuhusu historia, Gurnah hakupi tarehe wala hakusomei somo. Unaona biashara ya misafara ikifa mbele yako bila mtu yeyote kutamka kwamba inakufa. Ile safari ya kwenda kwa Chatu, mtawala wa bara, ambaye anaitwaa mali yote na wafanyabiashara wakarudi pwani wamenyolewa bila maji, inakueleza mengi kuhusu mwisho wa zama moja kuliko sura nzima ya kitabu cha kiada. Onyo langu ni moja tu. Wenzako wanaopenda shujaa anayesimama na kupigana watachoshwa na Yusuf, kwa kuwa mambo mengi hutendwa juu yake, na uamuzi wake mkubwa anaufanya kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, nao ni uamuzi utakaowagombanisha hadi usiku. Kwa kikundi cha majadiliano, nadhani hiyo ni sifa.

Nyanza

Ndugu zangu, naona Kitereza anawekwa pembeni kwa heshima, kama babu anayepewa kiti kizuri halafu hakuna anayezungumza naye.

Mimi ni mtu wa Bukoba, na Kitereza alisoma katika seminari ya Rubya, huku kwetu, kabla ya kurudi Ukerewe. Aliumaliza muswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa miaka mingi hakupatikana mchapishaji wa kukitoa kitabu kikubwa namna ile katika lugha ya kisiwa. Ilimbidi akiandike upya yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980 katika juzuu mbili. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Ninapokishika kitabu hicho, miaka hiyo 35 naisikia katika uzito wake.

Wasomaji wengi hulalamika kwamba riwaya inakwenda polepole, na ni kweli inakwenda polepole, lakini hebu tazameni inakotulia. Wakwe wa Myombekere wamemchukua binti yao, na ili arudishiwe mke wake anatakiwa kuwapelekea pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema kwamba pombe ilitengenezwa ikapelekwa, akaendelea na safari yake. Kitereza anakuonyesha kazi yenyewe tangu ndizi zinapoivishwa. Nilipokuwa mdogo nilimtazama babu yangu akikamua ndizi kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, akizichanganya na nyasi ili juisi ijitenge, kisha akitia mtama uliokaangwa na kusagwa, na kuufunika mtumbwi kwa majani ya migomba hadi kesho yake. Harufu yake ya asubuhi ya pili hutaisahau. Leo katika kijiji chetu kazi hiyo wanaijua wazee wachache, na siku watakapoondoka, atakayetaka kufahamu ilivyokuwa itamlazimu amwendee Kitereza. Je, hiyo siyo historia?

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka 31, kwa hiyo mtanisamehe nikiingia na chaki mkononi.

Nyanza, mwanangu, ninakipenda kitabu hicho kama wewe, lakini ni lazima tutofautishe. Riwaya ya kihistoria, kwa namna nilivyokuwa nikiifundisha, huwaweka watu wa kubuni ndani ya tukio au mabadiliko ambayo jamii inayakumbuka kwa jina, na mabadiliko hayo huyasukuma maisha yao. Katika Bwana Myombekere hakuna tukio la namna hiyo. Kuna mila, maradhi, kilimo, ndoa, na mvua inayonyesha au kukosa kunyesha. Ni kitabu kikubwa cha maisha ya jamii, ila kikundi cha Karani kimesema kihistoria.

Kuhusu Kuli, nitasema jambo ambalo sikuthubutu kulisema darasani. Nusu ya kwanza ni nzuri mno, lakini kadiri mgomo unavyokaribia, wahusika wanaacha kuzungumza na kuanza kuhutubia. Wanafunzi wangu walikuwa wakikaa wima katika sura za Majaliwa na Bi Mashavu, mama yake Rashidi, kisha wakaanza kusinzia katika mikutano ya chama. Adam Shafi mwenyewe alilirekebisha jambo hilo miaka 20 baadaye, katika Vuta n'kuvute. Humo siasa za miaka ya 1950 zinapita kwa Yasmin, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa ya mzee, na kwa Denge, ambaye askari wanamwandama usiku na mchana. Huambiwi kwamba ukoloni ni mbaya, bali unasubiri pamoja na Yasmin usikie mlango ukigongwa. Kwa kipimo changu hiyo inaizidi Kuli kwa mbali, hata kama Kuli ndiyo iliyofungua njia.

Na kama wapo wenzako wasio na muda, Karani, msione haya kuchukua tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, husomeka kwa jioni moja, watu wakagawana sehemu na kusoma kwa sauti. Faida yake kwenu ni kwamba mwandishi mwenyewe anatahadharisha kuwa Kinjeketile wake si picha kamili ya yule kiongozi wa Maji Maji wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Hapo ndipo penye mjadala mzito: mwandishi ana ruhusa ya kumbuni mtu aliyepata kuishi kwa kiasi gani?

Nyanza

Shikamoo Mwalimu. Nimeipokea chaki, lakini naomba nibaki na hoja yangu. Tukisema kwamba historia ni yale tu yenye jina la tukio, basi kisiwa ambacho hakikugoma wala hakikupigana na mtu kitaonekana hakikuwa na historia, na mke aliyelilia mtoto kwa miaka mingi hataingia humo kamwe. Kitereza aliziandika zama za kabla ya ukoloni akiwa ndani ya ukoloni, na alijua fika kwamba watoto waliokuwa wakikua mbele yake hawangeziona. Mimi naiona nia ya kihistoria katika kila ukurasa, ijapokuwa hakuna tarehe.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Juu ya nia nimekubali. Juu ya jina la utanzu bado.

Karani wa Zamani

Shikamoo Mwalimu, nanyi wengine nawashukuru sana. Jana nimeyasoma maoni yenu mbele ya wenzangu, na ubishi ulikuwa mrefu kuliko wa kitabu chenyewe cha mwezi uliopita.

Tumeamua kuanza na Kuli, na sababu imetoka kwa Mwana wa Majengo bila yeye kukusudia. Aliposema kwamba bandari yetu iligoma mwaka 1939, mmoja wetu alikumbuka kwamba jirani yake wa Chumbageni ni mzee ambaye baba yake alikuwa mchukuzi hapahapa, na mzee huyo amekubali kuja kukaa nasi siku ya mjadala. Kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekuwa karibu na tukio kinafaa kusomwa mbele ya mtu aliyekuwa karibu nalo. Zile hotuba za mwishoni tutazisoma kwa sauti, tuone kama zinalala au zinaamka.

Baada yake tutachukua Vuta n'kuvute ili tupime dai la Mwalimu, na Peponi itafuata. Bwana Myombekere tumeiwekea miezi miwili ya masika, kwa kuwa haisomeki kwa haraka na hatutaki kuiharakisha. Tatizo ni kwamba nakala tuliyo nayo ni juzuu ya kwanza pekee. Muuza vitabu niliyemlipa nusu ya bei ili anitafutie ya pili ananiambia njoo kesho tangu Ramadhani.

Nyanza

Ya pili ninayo. Mchwa wameonja pembe za kurasa za mwisho, lakini hawakufika kwenye maandishi. Nitaifunga kwa nailoni na kuwakabidhi watu wa basi Jumatatu. Naomba irudi baada ya masika, na kando za kurasa msiandike kitu, isipokuwa Mwalimu akiwa na la kusahihisha.