PCB ni sumu au ni bodi ya redio?

Swali: Wakuu naomba msaada, nimefungua redio mbovu nijifunze kulehemu, ndani kuna bodi ya kijani imeandikwa PCB na namba kibao, nikagugo nakuta PCB ni sumu ya kansa ilipigwa marufuku Marekani 1979, na hii nimeishika mikono mitupu mchana kutwa. Nimekwisha?

Jibu: Hahaa tulia mkuu. Hiyo ni bodi ya saketi tu (printed circuit board, ndo PCB), nyuzi za kioo zimegandishwa na epoksi, yaani gundi ngumu, halafu juu njia za shaba, ule ukijani ni rangi ya kukinga shaba. Ya marufuku ni bifenili zenye klorini (polychlorinated biphenyls, nazo kifupi chake PCB), kemikali za viwandani, ziko aina 209.

Jibu: Ila ngoja niongeze, maana hizi mbili zinakutana. Zile kemikali hazishiki moto kirahisi na hazipitishi umeme, ndo maana walijaza kwenye mafuta ya transfoma na kapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme) za zamani, shida haziozi, zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili wa samaki, wa mtu, miaka na miaka. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001, wa kuzuia sumu zisizooza, ulitaka vifaa hivyo viwe vimetolewa kazini ifikapo 2025. Kwa hiyo ukikuta kapasita kubwa ya bati ya kale inavuja, hiyo usiiguse kabisa.

Muuliza: Daah asanteni, yangu ya juzijuzi tu. Nikimaliza naichoma?

Jibu: Usichome! Moshi wa bodi una madudu yake mengine, madini ya risasi na kemikali ya bromini. Peleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki.