Mnaosema tasawufi ni uzushi, jibuni hili

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Kauli imeenea kwamba tasawufi, yaani usufi, njia ya kuutakasa moyo ili kumkaribia Mungu, haina asili katika Uislamu, kwamba ni bidaa iliyopenyezwa na watu walioukimbia ulimwengu. Mimi siikubali. Tujadiliane kwa hoja, bila kutoana katika dini.

Naanza na hadithi ya Jibrili, ambayo pande zote zinaikubali. Mgeni mwenye nguo nyeupe pepepe alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu Uislamu, kisha imani, kisha ihsani. Ihsani, akajibiwa, ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, basi Yeye anakuona. Fikihi ina wanazuoni wake waliotufundisha namna ya kurukuu na kusujudu. Itikadi nayo ina wake. Sasa ihsani, nani aliyeishughulikia? Nani aliyekaa akaichambua ria (kujionyesha kwa watu), kibri na husuda mpaka mizizini, akafundisha jinsi ya kuzing'oa? Hao ndio masufi.

Na mapenzi hawakuyatunga wao. Al-Maida, aya ya 54, inataja watu ambao Mungu anawapenda nao wanampenda. Rabia al-Adawiyya, mwanamke sufi wa Basra aliyefariki mwaka 801, aliishi juu ya maana hiyo: Mungu anastahiki kuabudiwa kwa kuwa ni Yeye, hata pasingekuwa na Pepo wala Moto.

Mtazameni Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa fikihi na itikadi. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa Nidhamiya, madrasa mashuhuri ya Baghdad, hana anachokosa. Mwenyewe anasimulia kwamba alipojikagua aliona anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Ulimi ukafunga, darasa likamshinda, chakula hakishuki, na matabibu wakakata tamaa. Akaacha kila kitu akaenda Damascus, akawa anapanda mnara wa msikiti na kujifungia humo kutwa. Huyu hakuwa mjinga wa sheria! Alijua hukumu zote za sala, na bado akaona moyo wake hauswali.

Najua mtakachosema: masheikh wanaokula mali za muridi (wanafunzi wao), watu wanaowaomba maiti haja zao, wanaodai wamefika daraja ya kutohitaji tena sala. Maovu hayo yapingwe, nami nayapinga. Lakini Junayd wa Baghdad, sufi mkubwa aliyefariki 910, alishasema kwamba elimu ya masufi imefungwa na Kitabu na Sunna. (Hallaj, sufi aliyeuawa 922 kwa kauli zake, anahitaji mjadala wake, hata masufi walihitilafiana juu yake.) Na Ibn Taymiyya, mwanazuoni mnayemtegemea zaidi, alikemea vikali mambo ya makaburini, lakini akamsifu sufi Abdulqadir al-Jilani na kuandika ufafanuzi wa maneno yake. Alitenganisha kosa na njia. Kwa nini nyinyi hamtenganishi?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu kauli hizi zina matokeo. Mwaka 2012, Timbuktu nchini Mali, makaburi ya mawalii yalivunjwa kwa masururu na wanamgambo walioyaona ni ushirikina. Novemba 2017, katika msikiti wa al-Rawda huko Sinai, Misri, ambamo masufi walikuwa wakiswali, zaidi ya watu 300 waliuawa wakati wa swala ya Ijumaa. Sisemi kila anayepinga tasawufi anaunga mkono mauaji, hasha. Lakini mtu akishaitwa mshirikina kila wiki, damu yake inakuwa nyepesi.

Basi nataka jibu la mambo mawili. Tukiifuta tasawufi yote, ihsani itafundishwa na nani, na kwa njia gani? Na mnapomwona mtu kaketi na dhikri yake baada ya Alfajiri, naye haombi yeyote ila Mungu, kosa lake ni lipi hasa?