Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 9 Marekani: igawanywe au iachwe?

Wadau, hii hoja ya kuipasua Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 9 kule Marekani huwa inazima inawaka tena, na kuna jamaa tumebishana nae mpaka usiku, yeye anasema imekuwa kubwa mno ikatwe vipande viwili basi. Mimi napinga. Naileta hapa tuichambue.

Kwa ambae hajaifuatilia, Marekani ukipoteza kesi ya shirikisho unakata rufaa kwenye kanda yako, huo mfumo upo toka 1891, na Mahakama ya Juu yenyewe inasikiliza kesi 60 hivi tu kwa mwaka kwa hiyo wengi hapo kwenye kanda ndo mwisho wa reli. Kanda ya 9 iko San Francisco, imebeba California, Arizona, Nevada, Oregon, Washington, Idaho, Montana, Alaska, Hawaii, mpaka Guam huko na Mariana ya Kaskazini. Majaji 29, wakati inayoifuata kwa wingi wa majaji, Kanda ya 5 ya kule kusini, ina 17.

Na msiseme haituhusu. Wakongo na Warundi wangapi wako Phoenix, Portland, Seattle? Jaji wa uhamiaji akikunyima hifadhi unaenda Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, nayo ikikutosa una siku 30 za kufungua shauri Kanda ya 9. Sasa hapa ndo kuna kitu: kwa miaka mingi hii mahakama ilikuwa na utaratibu wake kwamba ukiomba zuio la kurudishwa kwenu, zuio la muda linaingia hapohapo mpaka ombi lako lisikilizwe. Kanda zingine unaweza kuomba huku unapelekwa uwanja wa ndege. Ukiigawa, nani kakuhakikishia mahakama mpya itarithi taratibu na maamuzi ya mama yake? Kanda ya 5 ilipogawanywa 1981 ikazaliwa Kanda ya 11, ile ya Alabama, Georgia na Florida, majaji wapya ilibidi wakae waamue kwenye kesi ya Bonner kwamba maamuzi ya Kanda ya 5 ya kabla ya tarehe 1 Oktoba 1981 yatawafunga na wao. Walikubali, sawa, ila ni wao walichagua.

Na hiyo Kanda ya 5 ndo inanifanya niwe na mashaka na watu wa kugawa. Ndo iliyoamuru 1962 James Meredith, kijana mweusi, aingizwe Chuo Kikuu cha Mississippi, hukumu kaandika jaji John Minor Wisdom. Miaka hiyohiyo seneta James Eastland wa Mississippi, mbaguzi wa waziwazi, alikuwa mmoja wa waliotaka mahakama ile ikatwe. Watetezi wa haki za weusi wakagoma kwa miaka, maana walijua kinachotafutwa sio wepesi wa kazi.

Sasa angalia Kanda ya 9. Februari 2017 majaji watatu, mmoja wao aliteuliwa na Bush mdogo, walikataa kurudisha amri ya Trump ya kuzuia watu wa nchi 7 kuingia Marekani, Somalia na Sudan zikiwemo. Kelele za "igawanywe" zikapanda mara moja. Halafu Trump akateua majaji 10 humohumo katika awamu yake ya kwanza na kelele zikapoa! Ukubwa ulipungua lini? Idadi ya majaji ni ileile 29.

Nakubali moja lakini. Kwa kawaida kesi nzito ikirudiwa, majaji wote wa kanda wanakaa. Hawa hawawezi, wanakaa 11, jaji mkuu na 10 wa kura ya bahati, kwa hiyo watu 6 wanaweza kuamua kwa niaba ya 29. Hilo linakera, na mtu wa Montana akilalamika kwamba hatma yake ipo kwenye bahati nasibu ya majaji ambao wengi ni wa California simshangai. Ila hilo unalirekebisha bila kupasua mahakama. Tume ya 1998 iliyoongozwa na Byron White, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, ilisema hivyohivyo, isigawanywe, iwekewe migawanyo ya ndani. Bunge likaipotezea.

Jamaa yangu hapa ndo alikwama. California peke yake inaleta zaidi ya nusu ya kesi. Ukiwatoa Idaho, Montana na Alaska umepunguza nini, mzigo si umeuacha palepale na majaji umewagawa? Tume ya 1973 ya seneta Hruska, nayo ilichunguza mahakama hizi za rufaa, ilipendekeza California yenyewe ikatwe katikati, yaani sheria ya jimbo moja itafsiriwe Los Angeles hivi, San Francisco vile. Mnaotaka igawanywe karibuni, ila njooni na ramani: California mnaiweka wapi?