Eti "rudi kwenye mkaa"?! Huyu mtaalamu wetu wa STC-1000 kazidi sasa

MfupaWaSupu:
Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Anafundisha watu kufunga STC-1000, kile kifaa cha kudhibiti joto, kwenye jiko la umeme la wali, nyama iive polepole ndani ya mfuko kwenye maji ya nyuzi 60. Mchoro wake unatoa waya wa jiko kwenye matundu namba 5 na 6 ya kifaa, basi, kamaliza! Kifaa kile hakitoi umeme, wakuu. Relei yake ni swichi tu kama ya ukutani. Unavuta kipande cha waya kutoka laivu ya namba 1 hadi 5, halafu 6 ndiyo iende kwenye jiko. Nyutro ya jiko inaungana na ile ya namba 2. Anaulizwa kwa adabu zote, "mkuu, mbona taa ya kupasha inawaka na maji ya baridi kama ya mtungini?" Jibu: "Rudi kwenye mkaa."

RUDI KWENYE MKAA! Waya kasahau yeye, mkaa niende mimi!

Picha yenyewe sensa inaning'inia nje ya sufuria, inapima joto la jikoni. Ikisoma 29 umeweka 60, jiko litawaka mpaka Idi ya mwakani. F2, ile tofauti ya joto, kaweka 5, yaani maji yashuke hadi 55 ndipo jiko liwake tena. Weka 0.5! Halafu mimi ndiye wa mkaa.

Koleo_Butu:
Punguza jazba mkuu 😂 Una uhakika hukuchomeka 7 na 8? Huo upande wa kupoza. Jiko litazima maji yakiwa baridi, liwake yakichemka.

MfupaWaSupu:
5 na 6! Soma kwanza.

BiShangazi:
Na ukishaweka F1, lile joto unalotaka, bonyeza kitufe cha kuwashia ndipo ihifadhi. Wengi wanaiacha tu, inarudi ilikokuwa, kisha wanakuja kulia humu.

Sufuria3:
Mimi kero yangu ni majiko ya vitufe. Umeme ukikatika sekunde moja, ukirudi limekaa kimya kama bwana harusi. Na STC ikikata ni hivyo hivyo. Chukua la kizungusho, au la wali lile la kushusha kitufe chini.

Koleo_Butu:
Bora hilo. Wauzaji je? Unaagiza STC ya volti 220, inakuja ya 110. Ukichomeka tu, PA! Soma kibandiko kabla ya kuchomeka.

NusuKilo:
Mnapigania nyuzi 60 na mchinjaji kakupimia mfupa robo tatu. Mfupa wenyewe unatoboa mfuko, maji yanaingia, saa 24 umepika supu.

Sufuria3:
Na mifuko laini ya sokoni inaachia kwenye mshono!

MfupaWaSupu:
Jamani, tulikuwa kwenye mkaa.

NusuKilo:
Kwani huko kwenu gunia linauzwaje sasa?