Wakuu ushauri: nimepangiwa kutetea ufalme, Jumamosi si mbali

MwanaWete: Asalaam alaykum. Jumamosi tuna mdahalo barazani kwetu: nchi ya kisasa ibaki na mfalme au imwage? Mie nimepangiwa kumtetea mfalme. Usingizi sina. Nipeni hoja.

AmiKahawa: Waalaykum salaam. Nyepesi hiyo. Norway walipoachana na Sweden 1905 walipiga kura, wakamtaka mfalme wenyewe, Haakon VII. Mfalme wao anakata utepe tu, serikali inaamuliwa na wapiga kura.

BintiKonde: Na Eswatini? Mfalme Sobhuza II alifuta vyama vya siasa 1973. Usichague wafalme wa baridi tu.

Karafuu2: Barbados walimtoa malkia wa Uingereza 2021 na jua linatoka vilevile 😂

MzeeMalindi: Mnanikumbusha mbali. Desemba 1963 mama alinunua kitambaa chekundu atushonee bendera mpya ya Zanzibar, ile ya karafuu mbili. Januari 12, mapinduzi, Sultani Jamshid kashapanda meli, karafuu ya pili haijashonwa. Kile kitambaa nimekilalia foronya mpaka nikaingia skuli ya kati.

BintiKonde: Mzee, Mungu akuweke. Ila wewe MwanaWete, mdahalo wa kahawa haumnyimi mtu usingizi. Sema unachoficha.

MwanaWete: ...Mwenyekiti ni baba wa binti niliyemposa. Jibu la posa bado. Marehemu baba wa huyo mwenyekiti alikuwa mwanamapinduzi, ukumbini kwao picha ya Mzee Karume inakutazama kuanzia mlangoni.

Karafuu2: Badili upande leo hii!

MwanaWete: Sibadili, ataniona mwoga. Na joho nishaazima, na kilemba.

BintiKonde: JOHO? Nyumba ile? Nguo ya kuazima haisitiri matako, kaka.

MwanaWete: Mimi natetea ufalme wa kikatiba, simtetei Sultani. Joho ni la kuchangamsha watu tu.

AmiKahawa: Basi muanze na Mwinyi Mkuu wa Dunga. Unguja ilikuwa na mtawala wake kabla ya Mabusaidi, ukoo wa masultani, wa mwisho kafa 1873. Mzee hatakuwa na pa kukushikia.

UstadhMkoani: Vijana, mke hatafutwi kwa ubishi. Kaswali istikhara, umuombe Mungu akuongoze, rejesha joho la watu.

Karafuu2: Ngojeni kwanza. Huyuhuyu mwaka jana alileta uzi, mkwe mvuvi hataki mtu wa jinzi. Mbona wakwe hawakwishi?

MwanaWete: Ule nilimwandikia rafiki yangu.

Karafuu2: Rafiki 😂😂 Na joho la rafiki?

BintiKonde: Mimi ni wa hukuhuku, mdahalo huo sijausikia hata kwa muuza kashata.

AmiKahawa: Tungo au kweli, hoja ya Norway hakuna aliyeijibu.

MzeeMalindi: Mie naamini. Ni saa ngapi? Nikishuka bandari ya Mkoani, Pemba, na boti ya asubuhi nitawahi?

MwanaWete: Baada ya Alasiri, mzee. Ila ukifika usiseme umetumwa na mimi.