Tupeane uzoefu: mliosoma Ulaya mkazurura miji ya kale, yapi yaliwakuta?

Mwana wa Pangani: Wakuu, dogo mmoja anaenda kusoma Ujerumani kaniuliza eti Praha, kule Ucheki, pazuri? Nikacheka peke yangu. Nilifika alfajiri na basi la usiku, nikanunua tiketi ya metro, nikatia mfukoni nikashuka. Hakuna geti, hakuna konda, nikasema wenzetu wanaaminiana. Kutoka tu kwenye treni, jamaa wawili na makoti ya kawaida, mmoja anafungua kiganja kuna beji. Tiketi ninayo! Kumbe pale juu kuna kiboksi cha njano, unachomeka tiketi inagongwa muda, haijagongwa hujalipa. Na wao wanataka koruna, hela yao, siyo yuro, nikasindikizwa hadi ATM kama mwizi wa kuku. Ile saa yao ya mnarani ya mwaka 1410 nikaitazama na njaa, kale kasanamu ka mifupa kanavuta kengele naona kama kananicheka mimi.

Chapati Mbili: Italia hivyohivyo, tiketi ya karatasi ya treni za mikoani usipogonga kabla ya kupanda imekula kwako.

Mzee wa Busara: Hela ya skolashipu mnazururia, nyumbani mdogo wako karudishwa ada.

Mwana wa Pangani: Mzee, nimebeba boksi ghalani Desemba nzima, ada nimetuma. Ulitaka nikae bwenini nihesabu theluji?

Mzee wa Busara: Naona nimegusa kidonda.

Binti Chwaka: Nyie faini tu mnalia? Mimi Venice mwezi wa 11, chumba nimepanga Mestre, ng'ambo upande wa bara, kwa sababu ya bei, nikapotea kwenye vichochoro simu inanizungusha palepale mpaka treni ya mwisho ikaniacha, mara ving'ora vikaanza kulia mji mzima, nikajua vita, nikasoma shahada. Bibi mmoja dirishani ananionyesha kwa mkono, panda juu, panda juu. Kumbe ving'ora ni vya bahari kujaa, naangalia chini maji yanachemka kutoka kwenye vitundu vya mtaro, kwanza kiatu, mara muundi. Na begi langu la matairi, na kila hatua daraja, kila daraja ngazi! Nikalipandisha kichwani kama ndoo ya maji ya kisimani, watalii wanapiga picha. Nimekesha kwenye ngazi za stesheni natetemeka, asubuhi nafungua mfuko wa mbele, pasi imevimba kama andazi, maji ya chumvi yale. Ubalozi wetu uko Roma.

Chapati Mbili: Kama andazi 😂😂 nimekufa

Dereva Bajaji: Ndiyo maana pasi unaacha chumbani, tembea na kopi.

Mwana wa Pangani: Dogo usimsikilize huyu! Polisi wakipanda basi mpakani, na rangi yetu hii, kopi utawafungia karanga. Pasi na kadi ya ukaazi, mwilini, kwenye nailoni.

Dereva Bajaji: Mimi miaka miwili sijaulizwa.

Chapati Mbili: Ulikuwa husafiri wewe, ulikuwa unaenda sokoni.

Nyota ya Kigoma: Florence ngazi 463 za kuba la kanisa kuu, nimepanda na jiko la ugali mgongoni maana nilitoka moja kwa moja kwenye basi. Walinzi wamelikagua mara tatu.

Mzee wa Busara: Jiko?

Nyota ya Kigoma: La umeme mzee, kajiko kadogo.

Mwana wa Pangani: Binti Chwaka, begi je?

Binti Chwaka: Matairi yalishika kutu. Liko Zanzibar, mama anawekea mchele.